Mtamba kafa ghafla, damu haigandi, nyama tumeshagawana. Tufanyeje?

Mama Kelvin

Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wa haraka kwa mwenye ujuzi wa mifugo. Utani tuuweke pembeni kidogo.

Niko Kaskazini, upande wa tambarare kule ambako mvua hazijanyesha vizuri msimu huu. Juzi alfajiri shemeji yangu alimkuta mtamba wake amekufa zizini. Jioni ya kabla ya hapo alirudi kutoka malishoni kwa miguu yake mwenyewe na maji akanywa. Asubuhi tumbo limejaa pomoni, na puani anatoka damu nyeusi, nyepesi. Niliiona mwenyewe. Mpaka saa nne jua limeshawaka ilikuwa bado inachuruzika, haijaganda.

Majirani wakaja. Mmoja akasema kala majani mabaya, mwingine akasema nyoka. Wakamchuna. Nyama ikauzwa elfu nne kilo, wengi wamechukua kwa mkopo, kichwa na utumbo wakapewa wazee wakafanya supu. Ngozi shemeji kaipaka chumvi, anamsubiri mnunuzi. Sisi tulipata kama kilo tatu. Nusu tulikula siku ile ile mimi, mume wangu na watoto wawili, mdogo alikuwa kwa bibi yake. Nusu nyingine iko kwa jirani yangu, kwenye friza anayogandishia barafu za ubuyu.

Kilichonifanya niandike ni hiki: leo shemeji ana kipele mkononi, karibu na kifundo, kinawasha sana na pembeni kumevimba. Yeye anasema kaumwa na mdudu. Halafu jioni hii mbuzi mmoja kafa, naye vilevile, ghafla. Wanataka kumchuna asubuhi.

Bibi mmoja hapa kataja ugonjwa wa kimeta (anthrax) na watu wakamcheka. Je, ni kweli? Nyama iliyobaki nikiichemsha sana itafaa? Watoto wangu wako salama? Na wanaweza kumwambukiza mdogo wao akirudi?

Kijana wa Mnadani

Dada usitishwe. Sisi wafugaji tumekula vibudu toka enzi za babu. Chemsha na magadi, maji yakauke mara mbili, kula, lala. Ukimwita mtaalamu atakwambia ufukie hasara halafu yeye anaondoka na pikipiki yake. Kipele ni kipele tu.

Mzee wa Josho

Mama Kelvin, mimi nilikuwa afisa mifugo wa kata kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa nimestaafu. Soma kwanza mambo ya usiku huu, maelezo yatafuata.

Shemeji aende kituo cha afya sasa hivi, asisubiri kukuche. Akifika aseme kwa maneno yaleyale: "Nilimchuna ng'ombe aliyekufa mwenyewe, damu ilikuwa haigandi." Asipolisema hilo watamwona mtu mwenye kipele na kumpa dawa ya kupaka.

Mbuzi asiguswe na kisu. Hata mkia usikatwe. Mfunikeni na turubai au miiba, na mtu akeshe na fimbo kufukuza mbwa. Asubuhi mapema piga simu kwa afisa mifugo wa kata, na kama hapokei nenda kwa mtendaji wa kijiji yeye amtafute.

Nyama usiichemshe na usiitupe. Ukiitupa jalalani wanaila mbwa, ukiitupa korongoni maji yataipeleka kwa mwenzio. Iache ilipo, mwambie jirani asifungue friza na asiuze barafu hata moja mpaka mtaalamu afike. Najua atakasirika. Akasirike tu.

Sasa nikueleze, maana watu hukataa amri wasiyoijua sababu yake.

Sijamwona mtamba wako, lakini ulivyoeleza mimi ningemchukulia kuwa ni kimeta mpaka maabara iseme sivyo. Kufa ghafla, kuvimba haraka, damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu ya haja, na mara nyingi mwili haukakamai kama mizoga mingine. Waliomchuna waulize habari ya bandama. Kwa kawaida bandama ya ng'ombe ni nyembamba na imekaza. Ya kimeta imevimba, nyeusi kama lami, ukiibonyeza inapasuka. Nimeona wachunaji wenye uzoefu wakiiona hiyo wanatazamana, halafu wanaendelea kukata, kwa sababu wateja tayari wamejipanga na mabeseni.

Kijidudu cha kimeta kikiwa ndani ya mnyama ni dhaifu. Mnyama akifa na ngozi yake ikabaki nzima, mle ndani hakuna hewa, na bakteria wa uozo wanakimaliza kwa siku chache tu. Hatari inazaliwa siku kisu kinapopita. Damu ikikutana na hewa, kijidudu kinajifunga, kinakuwa mbegu ngumu ambayo jua haliiui, ukame hauiui, na inakaa ardhini miongo. Waingereza walijaribu silaha ya kimeta kwenye kisiwa kidogo cha Scotland kiitwacho Gruinard mwaka 1942. Kisiwa kikafungwa. Mwaka 1986 wakamwaga formalini ardhi nzima, na ilikuwa 1990 ndipo wakatangaza watu waruhusiwe kukanyaga. Hicho ni kisiwa chenye serikali yenye fedha. Nyuma ya zizi la shemeji yako nani atamwaga formalini?

Kwa hiyo mtamba mmoja asiyechunwa ni hasara ya mtamba mmoja. Akichunwa, pale alipolazwa panakuwa shamba la kimeta. Miaka inapita, watu wanasahau, kinakuja kiangazi majani yamebaki vishina, ng'ombe anang'oa nyasi na udongo, kishina kigumu kinamkwangua mdomoni, mbegu inaingia. Ndiyo maana nilitega sikio uliposema mvua hazijanyesha vizuri. Kimeta cha huku kwetu napenda kukitafuta mwishoni mwa kiangazi, na tena mvua za kwanza zinapofukua udongo na kuujaza kwenye mabonde.

Kuhusu kuchemsha: kijidudu chenyewe kinakufa kwenye sufuria. Mbegu ni habari nyingine, maabara wanaziua kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Na kabla nyama haijafika kwenye sufuria umeishika mbichi, umeikatia kwenye kibao cha mboga, umejifutia kwenye khanga. Magadi hayakusaidii mikononi.

Kijana wa Mnadani, unachosema ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo imenitesa kazini maisha yangu yote. Wengi wanaokula kibudu cha kimeta hawaumwi. Kijiji kinakula, wanaumwa watatu wanne, mmoja anafariki, na huyo mmoja wanasema alirogwa. Ugonjwa ungekuwa unaua kila anayeonja, nisingehitaji kumshawishi mtu. Sasa mimi nasimama mbele ya mfugaji namwambia azike mali yake kwa jambo ambalo huenda lisimpate, wakati elfu nne kwa kilo inampata leo hii. Na akizika hapewi kitu. Katika kazi yangu sijawahi kumwona mfugaji aliyelipwa mzoga wa kimeta. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka atoe taarifa, na mimi naiunga mkono, ila sheria haijazi sufuria.

Watoto wako: ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaa pamoja, kukohoa au kula sahani moja. Mdogo arudi, ila asichezee nyuma ya zizi. Habari ya dalili zao namwachia mganga wa binadamu, naona wapo humu.

Tabibu wa Zamu

Niko zamu, nijibu upesi.

Mzee ameshasema la msingi. Naongezea ya binadamu. Kimeta cha ngozi ndicho tunachokiona karibu mara zote. Kinaanza siku moja hadi saba hivi baada ya kushika mzoga, kipele kinachowasha kama kuumwa na mdudu, kwa hiyo shemeji hakosei sana kukidhania hivyo. Kesho yake au keshokutwa kinakuwa lengelenge, kinapasuka, katikati panabaki kidonda chenye gamba jeusi, na pembeni pamevimba kuliko ukubwa wa kidonda. Cha ajabu, hakiumi. Mgonjwa anakuja amechelewa kwa sababu hiyo: kitu kisichouma nani anakipandia bodaboda?

Asikitumbue wala asikikate. Kukikamua kunaweza kusambaza ugonjwa. Asipakwe majivu wala mafuta ya breki (msicheke, nimeyakuta). Dawa zipo na ni za kawaida: penisilini, doksisaikilini, siprofloksasini. Akipewa mapema karibu wote wanapona. Asipotibiwa, hadi mmoja kati ya watano anaweza kufariki. Muhimu mumwambie hivi: hata akianza dawa leo, kidonda kitaendelea kuwa cheusi mpaka gamba litoke. Asiache dozi katikati akidhani dawa haifanyi kazi. Nimewaona wanaoacha kwa sababu hiyo wakaenda kwa waganga wa kienyeji.

Kwa mliokula: homa, maumivu ya tumbo, kutapika au kuharisha damu, koo kuuma na shingo kuvimba. Mtoto akipata hata moja, hospitali usiku uleule. Hata bila dalili nendeni nyote kesho muandikishwe, daktari aamue kama mnahitaji dawa ya kinga. Msinunue vidonge dukani mkagawana nusu nusu.

Jambo dogo: vitakasa mikono vya spiriti haviui mbegu za kimeta. Sabuni na maji mengi yanayotiririka vinaziondoa kwenye ngozi. Na maji hayo yasimwagike penye kuku na bustani.

Wa Naivasha

Poleni sana majirani. Huku kwetu Bonde la Ufa kimeta tunakijua. Mwaka 2015 nyati walikufa nacho ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, na hao hakuna aliyewachinja, ni udongo tu. Uganda nao mwaka 2004 na 2005 walipoteza viboko karibu 300 katika hifadhi ya Queen Elizabeth.

Swali langu kwa Mzee. Chifu wetu husema tuzike na tumwage chokaa nyingi juu. Na je, ng'ombe waliobaki zizini wanachanjwa siku hiyo hiyo? Mimi nina wa maziwa watano na jirani yangu hachanji kabisa, anasema chanjo ndiyo inaleta ugonjwa.

Mama Kelvin

Shikamoo Mzee. Asanteni wote. Naleta habari maana kutwa nzima sijakaa.

Shemeji alikataa kwenda usiku. Mume wangu alimwambia kama haendi atampeleka amefungwa kamba kama ndama, akaenda. Kituo cha afya tabibu alipoona mkono akamwuliza swali moja tu: "Umechuna nini?" Kaanza dawa. Kile kipele leo kimekuwa lengelenge la maji kama mlivyosema, na kweli hakiumi. Sisi tumeandikishwa, tumepimwa joto, tunarudi kila siku. Waliochuna wengine wanne wametafutwa, mmoja ana kipele shingoni, huyu alikuwa amebeba paja begani.

Afisa mifugo ni binti mdogo tu, kaja na pikipiki na sanduku. Aliuliza kichwa cha mtamba kiko wapi achukue damu ya sikio. Wazee wakatazamana. Kichwa kilishakuwa supu. Basi akasema tushukuru mbuzi hajachunwa. Akavaa glovu mbili mbili, akadunga sikio la mbuzi, tone likatoka jeusi, akalipaka kwenye kioo, akaziba pale alipodunga na pamba yenye dawa. Kioo kikaenda wilayani. Jioni wamepiga simu kwamba kwenye darubini vijidudu vya kimeta vimeonekana, sampuli nyingine inaenda maabara kuthibitisha.

Mbuzi kachomwa. Kuni zilitoka kila nyumba, na mafuta ya taa alinunua mwenyekiti, moto ukawaka mpaka usiku. Ngozi ya mtamba ilikuwa imeshaondoka! Mnunuzi alipita asubuhi. Wamempata njiani kuelekea mnadani kwa simu ya bodaboda aliyempakia. Nyama ya kwenye friza nayo imechomwa, pamoja na barafu zote za ubuyu, na jirani hajanisemesha mpaka sasa. Friza limepulizwa dawa na kufungwa.

Kuna mzee amesema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyeleta serikali kijijini. Haya.

Naomba nijue bado: mbwa walikula matumbo, watakufa? Pale walipochunia tufanyeje, maana damu ilimwagika na utumbo ulitupwa hapo hapo? Na maziwa ya ng'ombe waliobaki?

Kijana wa Mnadani

Dada mpe pole shemeji. Mimi sijasema asiende hospitali. Ila semeni na ukweli mwingine: wakitangaza karantini mnada unafungwa, na ada za shule tunalipa kwa mnada. Sisi wa mbali hatujachuna kitu tunafungiwa pamoja na waliochuna.

Mzee wa Josho

Marahaba mama. Umefanya kazi ya watu watatu. Huyo mzee anayesema umeleta serikali mwambie serikali ingekuja tu, tofauti ni kama ingekuja na sanduku la chanjo au na sanda.

Binti aliyetoboa sikio amefanya vizuri kabisa. Ile rangi wanayotumia ni methilini buluu iliyokaa muda mrefu. Ukitazama unaona vijiti vya buluu vimepangana kwa mnyororo, ncha zimekatwa mraba, na kila kijiti kimezungukwa na utando wa waridi. Ukishauona ule waridi husahau. Huo utando ndio silaha yake, ndio unaofanya askari wa mwili washindwe kukimeza. Na hapo ndipo chanjo ilipotoka: miaka ya 1930 huko Onderstepoort, Afrika Kusini, Max Sterne alipata aina ya kijidudu kisichoweza kutengeneza utando. Kinaufundisha mwili wa ng'ombe bila kumuua. Chanjo inayotumika karibu dunia nzima mpaka leo ni uzao wa kile kile, na hata Kibaha wanatengeneza.

Wa Naivasha, jibu lako liko humo. Chanjo ni mbegu hai. Ukimchanja leo na ukampiga sindano ya OTC (oksitetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria) au penisilini leo, dawa inaua chanjo, umepoteza fedha na ng'ombe bado yuko wazi. Kwa hiyo kwenye zizi lililopata mzoga, kwanza wapimeni joto. Wenye homa watengwe na kutibiwa, watachanjwa baadaye dawa ikishaisha mwilini. Wazima wachanjwe mara moja. Kinga inachukua kama wiki na zaidi kujijenga, na ndani ya hizo siku anaweza kufa ambaye mbegu ilikuwa imeshamwingia. Jirani yako aliona ng'ombe amekufa siku chache baada ya sindano, akaamua sindano ndiyo imeua. Namwelewa kabisa, ila amekosea. Chanjo ni kila mwaka mara moja, kabla ya msimu wa hatari, wala si baada ya mzoga wa kwanza. Na aliyechanjwa asichinjwe kwa wiki sita.

Chokaa: zamani tuliimwaga, vitabu vyetu viliagiza. Siku hizi wataalamu hawaishauri, kwa sababu kalisi iliyomo inaweza kuzisaidia mbegu kudumu. Kuchoma ni bora. Kama kuni hakuna, chimba mita mbili kwenda chini, mbali na kisima na njia ya maji, mzoga uingie mzima, na miiba iwekwe juu. Ukizika juu juu, fisi anafukua. Asipofukua fisi, kuna minyoo. Pasteur aliandika mwaka 1880 kwamba minyoo ya ardhini inapandisha mbegu kutoka kwenye makaburi ya kondoo mpaka juu ya majani, na mwaka uliofuata akachanja kondoo mbele ya wakulima kule Pouilly-le-Fort, Ufaransa. Kondoo waliochanjwa walibaki wamesimama, wasiochanjwa wakalala. Wakulima wa kule nao walikuja wakiwa wanacheka.

Mama Kelvin, mbwa kwa kawaida ni wagumu kwa kimeta, wengi watapona au hawataumwa. Shida yao ni kuzunguka na mdomo na miguu yenye damu. Wafungwe siku hizi, watoto wasiwakumbatie. Yeyote mwenye kuvimba koo mwonyeshe mtaalamu.

Pale walipochunia msifagie. Ufagio unarusha vumbi, na vumbi la kimeta likiingia mapafuni ni habari mbaya kuliko kidonda. Lowesheni kwanza kwa dawa atakayoleta afisa mifugo, kisha wekeni samadi kavu na kuni mchome pale pale pamoja na matumbo yaliyobaki. Udongo wa juu ulioloa damu uchimbwe na kufukiwa ndani ya shimo refu. Halafu mzungushie uzio wa miiba mizito, mbuzi asipite. Ukiuliza kwa muda gani, nitakwambia: wajukuu wa Kelvin wapakute pana uzio. Visu na mashoka vichomwe motoni mpaka vyuma viwe vyekundu, mpini wa mti uchomwe kabisa.

Maziwa ya ng'ombe mwenye homa yamwagwe shimoni, na mikono ioshwe. Ya wazima yachemshwe kweli, yasiwe ya kupasha tu.

Kijana, habari ya mnada nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Karantini ikifungwa kizembe watu wanapitisha ng'ombe usiku kwa njia za panya, na kimeta kinasafiri na ngozi na nyama za usiku huo. Ningekuwa bado kazini ningefunga kijiji hicho na malisho yake, nikachanja vijiji vinavyopakana kwa wingi, na wengine nikawaachia mnada wao. Lakini usiniambie chanjo na karantini ni kero za wataalamu. Zimbabwe wakati wa vita vya ukombozi, huduma za mifugo vijijini zilikatika, chanjo ikasimama, majosho yakakauka. Kati ya 1978 na 1980 watu zaidi ya 10,000 wakapata kimeta, karibu wote vidonda vya ngozi, na 182 wakafariki. Kabla ya hapo walikuwa wanaona wagonjwa wachache sana kwa mwaka. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichoondoka ni mtu wa pikipiki na sanduku lake.

Tabibu wa Zamu

Mwenye kipele shingoni asimamiwe kwa karibu. Uvimbe wa shingo unaweza kubana njia ya hewa. Akianza kukoroma au kushindwa kumeza, apelekwe hospitali ya wilaya bila kusubiri rufaa ya karatasi.

Mama Kelvin

Kaondoka leo asubuhi na gari la mwenyekiti, shingo ilikuwa imevimba mpaka sikioni. Wametupigia kwamba kawekewa dripu na anameza uji.

Chanjo inakuja Jumatano. Kuna ubishi mpya: watu wanne wamewapiga ng'ombe wao sindano za OTC jana, wameuziwa mnadani wakiambiwa ni kinga. Hao nao waende Jumatano na wenzao au vipi?

Mzee wa Josho

Wasiende na wenzao. Waandikwe majina, wanyama wao waangaliwe joto asubuhi na jioni, na wachanjwe dawa ikishatoka mwilini. Waulize ilikuwa OTC ya kawaida au ile ya kudumu, ya asilimia 20, kwa sababu ile ya kudumu inakaa siku zaidi. Chupa wasizitupe, wampe binti asome. Na Jumatano leteni mbuzi na kondoo pia, watu huwa wanawaacha nyumbani wakidhani chanjo ni ya ng'ombe.

Kijana wa Mnadani

Mzee, hiyo chanjo ikibaki Jumatano, mimi nina kumi na wawili kijiji cha pili. Nimuone nani?